Kitalu nyumba, blanketi, wingu, mfongo au mlima: mfano upi utumie kueleza joto la dunia?

Nafundisha fizikia sekondari hapa Moshi. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiitwa pia kuzungumza na vikundi vya wakulima wa kahawa, akina mama wa vikoba, na vijana wanaojiandaa kuwa waongoza watalii Mlima Kilimanjaro. Wote huniuliza swali lile lile: hewa tu, tena isiyoonekana, inawezaje kuipasha dunia nzima joto? Jibu kamili lina hesabu ndani yake, lakini mtu aliyekaa kwenye benchi chini ya mgomba hawezi kuanza na hesabu. Anataka mfano. Na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea, maana mfano mbaya ukishaingia kichwani hauondoki, hata somo lenyewe likishasahaulika.

Nimeweka hapa mifano mitano ambayo nimeitumia mbele za watu na kuipima. Namwandikia mwalimu mwenzangu, bwana shamba, katekista au muongoza watalii ambaye wiki ijayo atasimama mbele ya watu na hajui aanzie wapi. Ninachoangalia ni kama mfano unakubaliana na fizikia, kama unastahimili maswali ya wasikilizaji, na kama wao wenyewe wamewahi kukutana na kitu hicho maishani.

Jambo lenyewe, kwa ufupi, ni hili. Mwanga wa jua unapita hewani na kufika ardhini, ardhi inapata joto. Ardhi ikishapata joto inatoa mionzi ya joto ambayo jicho halioni. Naitrojeni na oksijeni, ambazo kwa pamoja ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, zinaiachia mionzi hiyo ipite. Mvuke wa maji, hewa ukaa na methani zinainasa, kisha zinatoa mionzi yao kila upande, juu na chini. Inayoshuka inaongeza joto ardhini. Bila gesi hizi, ziitwazo gesijoto, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri. Sasa hivi ni kama nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 33 ndiyo inayotuwezesha kuishi, kwa hiyo kuwepo kwa gesijoto si ubaya. Ubaya ni kuziongeza. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama sehemu 280. Charles Keeling alipoanza kupima kule Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa kama 315. Leo zimepita 420.

Kabla sijatoa mfano wowote huwa nachukua pasi ya mkaa. Nampa mtu mmoja aweke kiganja pembeni ya pasi, bila kugusa, upande usio na matundu. Anasikia joto mkononi wala haoni mwanga wowote kwenye chuma. Na kwa kuwa mkono uko pembeni, hawezi kusema ni hewa ya moto inayopanda. Mtu aliyefanya hivyo ameshakubali kwamba joto linaweza kusafiri bila kuonekana. Asipokubali hilo kwanza, mifano yote mitano itampita.

Kitalu nyumba: jina kubwa, mfano dhaifu

Huu ndio mfano ulioipa sayansi yote jina lake, na kwa mtu wa Arusha unaonekana kama zawadi. Ukitoka mjini kuelekea Tengeru na Usa River unaviona vitalu nyumba vya maua na mboga vimejipanga, nailoni nyeupe inang'aa. Ni nani asiyejua kwamba mle ndani kuna joto? Nami nilianza nao, na nikaujutia.

Siku ya kwanza kuutumia, mzee mmoja alininyanyulia mkono. "Mwalimu, hiyo nailoni ya huko juu, nani ameiweka? Na ikitoboka je, joto halitatoka?" Nilipojaribu kujibu, mwingine akamsaidia: "Si imeshatoboka, ndiyo lile tundu la ozoni, jua linaingia moja kwa moja." Nusu saa ikaishia kwenye ozoni. Nimesikia mchanganyiko huo mara nyingi tangu wakati huo, hata kwa wanafunzi wangu wa kidato cha nne, na naamini kitalu nyumba kinauchochea. Ukishamwambia mtu kwamba juu kuna paa, atatafuta tundu kwenye paa. Tabaka la ozoni ni habari nyingine kabisa: linachuja mionzi ya urujuanimno inayodhuru ngozi na macho, na uharibifu wake ulitokana hasa na kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia, zilizoanza kudhibitiwa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Tundu la ozoni silo lililoipasha dunia joto.

Ubaya mwingine ni wa kifizikia, na ndio mkubwa zaidi. Kitalu nyumba hakifanyi kazi kama angahewa. Muulize mkulima yeyote mwenye kitalu: saa sita mchana, joto likizidi, anafanya nini? Anakunja nailoni za pembeni, hewa ya moto inatoka, mimea inapumua. Kumbe kilicholeta joto mle ndani ni kuzuiwa kwa hewa ya moto isipande ikaondoka. Robert Wood, mwanafizikia wa Marekani, alilionyesha hilo mwaka 1909 kwa visanduku viwili, kimoja kikiwa na kifuniko cha kioo kinachozuia mionzi ya joto, kingine kikiwa na kifuniko cha chumvi ya mawe kinachoiachia ipite. Joto la visanduku hivyo halikutofautiana sana. Na nailoni ya kawaida tunayotumia inaachia sehemu kubwa ya mionzi ya joto ipite, lakini kitalu kinapata joto vile vile. Angahewa haina paa linaloizuia hewa isipande. Inapanda kila siku mpaka tunaona mawingu yamejengeka juu ya Meru.

Gari lililoachwa juani vioo vimefungwa ni mfano uleule kwa sura nyingine, kwa hiyo una kasoro zilezile.

Kama mtaala unakulazimisha kulitaja jina, litaje kisha useme wazi kwamba limebaki kwa mazoea. Kwenye mkutano wa wakulima, liache kabisa.

Wakati nipo hapa, neno moja kwa walimu wenzangu. Lile jaribio la chupa mbili juani, moja ikiwa na hewa ya kawaida na nyingine ikiwa imejazwa hewa ukaa ya siki na magadi, nalo lina tatizo la aina hii. Mwaka 2010 wanafizikia wa Marekani walichapisha kwamba ukijaza agoni, ambayo si gesijoto hata kidogo, chupa inapata joto karibu sawa na ile ya hewa ukaa. Gesi hizo mbili ni nzito kuliko hewa, na uzito huo unapunguza kuchanganyika kwa hewa ndani ya chupa. Matokeo yanafurahisha darasa, lakini hayathibitishi tunachowaambia.

Blanketi: mzuri kwa kuanzia

Watu wa Machame na Marangu ya juu hawahitaji kuambiwa blanketi ni nini. Ubora wa mfano huu ni kwamba unaondoa kosa moja kubwa mara moja: blanketi halitengenezi joto. Joto ni la mwili wako, blanketi linalichelewesha tu kuondoka. Vivyo hivyo hewa ukaa haitengenezi joto. Inachelewesha lile lililotokana na jua. Na ukiongeza blanketi la pili, huungui. Unafika kwenye joto jipya lililo juu kidogo, unatulia hapo. Hiyo ni sahihi.

Maswali mawili huusumbua. La kwanza huulizwa na watoto: kama blanketi lipo kati yetu na jua, mbona halizuii jua lisiingie? Jibu linarudi kwenye pasi. Mwanga wa jua na joto la pasi si mionzi ya aina moja, na gesi hizi zinauachia mmoja na kuunasa mwingine. John Tyndall alipima jambo hili London mwaka 1859, akapitisha mionzi ya joto kwenye bomba lenye gesi mbalimbali na kuona naitrojeni na oksijeni haziinasi, ilhali mvuke wa maji na hewa ukaa zinainasa. Miaka 3 kabla yake, mwaka 1856, mwanamke wa Marekani, Eunice Foote, aliweka mitungi ya kioo juani na kuona ule wenye hewa ukaa unapata joto kuliko mingine na unachelewa kupoa. Akaandika kwamba angahewa yenye gesi hiyo kwa wingi ingeipa dunia joto zaidi. Nyenzo zake hazikuweza kutenganisha mwanga na mionzi ya joto kama za Tyndall, lakini wazo lilikuwa lake kwanza, na kwa muda mrefu hakutajwa. Mimi humtaja kila nikiwa na wasichana darasani.

Swali la pili ni gumu zaidi: blanketi gani hilo lenye uzi mmoja katika kila nyuzi 2,500? Maana sehemu 420 kwa milioni ni asilimia 0.04 tu. Hapo blanketi halikusaidii tena, inabidi uazime mfano wa pembeni. Mimi huazima bluu ya kufulia. Chukua ndoo ya maji safi, tia chembe ndogo ya bluu. Maji yote yanabadilika rangi, kwa sababu maji yenyewe hayakuwa na rangi ya kushindana na ile bluu. Kwa mionzi ya joto, naitrojeni na oksijeni ni yale maji safi. Molekuli zake zina atomi mbili za aina moja na hazina namna ya kuitikia mionzi hiyo. Molekuli ya hewa ukaa ina atomi tatu, inajikunja na kutikisika, na inaposikia mionzi inayolingana na mtikisiko wake inainasa.

Usiku wa mawingu: chaguo langu kwa wakulima

Waulize watu waliolala kwenye vihamba, mashamba ya nyumbani ya Wachagga, maisha yao yote: usiku upi una baridi zaidi kuelekea alfajiri, ule wenye nyota tele au ule uliofunikwa na wingu? Hata usubiri kidogo tu, watajibu kwa pamoja kwamba usiku wa nyota ndio wenye baridi. Umeshashinda nusu ya kazi, kwa sababu wao wenyewe ndio waliotoa ushahidi. Usiku hakuna jua la kubishania. Kilichobaki ni ardhi inayopoteza joto lake kwenda juu, na kitu kilichopo angani kinachoamua kiasi gani kirudi chini. Wingu linanasa mionzi ya joto na kuirudisha. Gesijoto zinafanya kazi hiyo hiyo kila usiku na kila mchana, hata anga likiwa jeupe.

Jiandae kwa swali moja, utaulizwa tu. "Mwalimu, mbona mwezi wa sita na wa saba mawingu ndiyo yanayotuletea baridi?" Ni kweli, na usilikwepe. Wingu lina kazi mbili zinazopingana. Mchana linakinga jua, kwa hiyo linapoza. Usiku linarudisha joto la ardhi, kwa hiyo linahifadhi. Ule ukungu wa Julai unaokaa juu ya Moshi na Arusha siku nzima unatunyima jua, ndiyo maana tunavaa masweta mchana. Mwambie msikilizaji alinganishe usiku na usiku wa wiki moja, asilinganishe mwezi na mwezi. Hewa ukaa inatofautiana na wingu hapa: haikingi mwanga wa jua, inafanya ile kazi ya usiku tu, bila kupumzika. Na wingu linaondoka kesho, hewa ukaa tuliyoiongeza itabaki kwa mamia ya miaka.

Sababu nyingine ya kuupenda mfano huu ni kwamba unaelekea mahali panapomgusa mkulima. Tangu katikati ya karne iliyopita, kwa wastani wa dunia, joto la usiku limepanda zaidi ya joto la mchana. Kwa kahawa hilo ni jambo zito. Utafiti wa kahawa ya arabika Tanzania uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kilichoendana zaidi na kushuka kwa mavuno ni kupanda kwa joto la usiku: kila nyuzi 1 iliendana na kupungua kwa kama kilo 137 kwa hekta kwa mwaka. Nikiisema namba hiyo kwenye kikundi cha wakulima, watu hunyamaza. Mkulima hana kipimajoto, lakini kilo anazijua.

Kibwawa cha mfongo: huu ndio wenye ukweli mwingi

Kwa upande wa fizikia, sijapata mfano wa nyumbani unaoukaribia huu. Mifongo ya Uchagga, yaani mifereji ya asili, inashusha maji kutoka mlimani, na mahali pengine maji yanakusanywa kwenye kibwawa kabla ya kufunguliwa shambani. Fikiria kibwawa kinachopokea maji bila kukoma, na chini kina tundu la kutolea. Maji yakiwa machache, yanatoka polepole. Yakipanda, uzito wake unayasukuma yatoke kwa kasi zaidi. Yanafika kimo ambacho yanayoingia ni sawa na yanayotoka, yanatulia hapo.

Sasa mtu aweke majani ya mgomba kwenye tundu, alizibe kidogo. Hakuna aliyeongeza maji ya kuingia. Kimo kinaanza kupanda, na kitaendelea kupanda mpaka msukumo utoshe kuyatoa maji yote yanayoingia kupitia tundu lililobanwa. Kinatulia tena, juu kuliko mwanzo.

Maji yanayoingia ni jua: dunia inanyonya wastani wa kama wati 240 kwa kila mita ya mraba. Yanayotoka ni mionzi ya joto inayokwenda angani. Kimo ni joto la dunia. Majani ya mgomba ni gesijoto. Mfano huu unajibu maswali ambayo mingine inayaogopa. Je, jua limeongezeka? Setilaiti zimekuwa zikilipima tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 na hazikuona ongezeko la kueleza joto hili. Mfereji wa kuingiza ni uleule. Mbona tukiacha kuongeza gesi leo joto halishuki kesho? Kwa sababu majani bado yapo kwenye tundu. Mbona joto halikupanda lote mara moja? Kwa sababu kibwawa ni kipana: zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini, na bahari inachelewa.

Kuna mtego mmoja, nami nimeshuhudia walimu wazuri wakinaswa. Watu hutumia pia chombo cha maji kueleza jinsi hewa ukaa inavyojikusanya: tunatoa kama tani bilioni 40 kwa mwaka, misitu na bahari vinachukua kama nusu, inayobaki inajazana hewani. Hilo nalo ni kweli. Lakini ukitumia kibwawa kimoja kwa mambo yote mawili, msikilizaji hajui tena maji ni joto au ni gesi. Kwa gesi tumia simtank la nyumbani: bomba la juu linatiririka, koki ya chini inatoa kidogo, na kupunguza tu bomba la juu hakushushi maji kama bado yanaingia mengi kuliko yanayotoka. Kibwawa kiwe cha joto, simtank liwe la gesi, na kati yake upumzike dakika tano. Kama wakulima ni wa mpunga wa Lower Moshi, ongeza hapo habari ya methani inayotoka kwenye majaruba yaliyofurika: tanki lake lina koki kubwa, gesi hiyo inakaa hewani kama miaka 12 tu, lakini kwa miaka 20 ya kwanza nguvu yake ya kupasha ni kama mara 80 ya hewa ukaa, kilo kwa kilo.

Kasoro ya kibwawa ni kwamba hakimwambii mtu kwa nini gesi inanasa joto. Na kijana wa mjini ambaye hajawahi kuona mfongo atabaki anakutazama tu.

Mlima: kwa kidato cha sita na waongoza watalii

Mlima nautumia kwa mambo mawili, moja zuri sana na jingine la hatari.

Zuri ni hili. Ukipanda kutoka Moshi mjini, kama mita 800 juu ya bahari, kwenda Uhuru, ncha ya juu ya kilele cha Kibo, mita 5,895, kila kilomita moja ya kimo inapunguza joto kwa wastani wa kama nyuzi 6.5. Sasa chukua ile dunia ya nyuzi 15 na upande kwa kiwango hicho mpaka ufike nyuzi 18 chini ya sifuri, joto ambalo dunia inahitaji ili itoe kiasi kilekile inachopokea kutoka kwa jua. Utakuwa umepanda kama kilomita 5. Ndicho kimo ambacho, kwa wastani, mionzi ya joto inafanikiwa kuponyoka kwenda angani, na kiko karibu na kimo cha Kibo. (Kibo yenyewe iko karibu na ikweta, wastani wake ni kama nyuzi 7 tu chini ya sifuri, namba yetu ni ya dunia nzima.) Ukiongeza hewa ukaa, mionzi inabidi ipande juu zaidi kabla ya kuponyoka. Huko juu kuna baridi zaidi, na kitu chenye baridi kinatoa mionzi michache. Dunia inatoa pungufu kuliko inavyopokea, inaanza kukusanya joto, mpaka kile kimo kipya nacho kipate joto la kutosha. Na kwa kuwa ngazi ya nyuzi 6.5 kwa kilomita iko palepale, huku chini tunapata joto nasi.

Maelezo haya yanajibu hoja ya zamani ambayo wanafunzi wenye akili huifikia wenyewe: kama hewa ya chini tayari inanasa mionzi yote ya aina fulani, kuongeza gesi kutabadilisha nini? Knut Ångström wa Sweden alilisema hilo mwaka 1900 kumpinga Svante Arrhenius, aliyekuwa amekokotoa mwaka 1896 kwamba hewa ukaa ikiongezeka mara mbili dunia itapata joto la nyuzi 5 hadi 6. Namba ya Arrhenius ilikuwa kubwa mno. Makadirio ya mwaka 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la sayansi ya tabianchi, ni nyuzi 2.5 hadi 4. Lakini kwenye msingi Arrhenius alikuwa sahihi, kwa kuwa kinachoamua ni kule juu kwenye hewa nyembamba, ambako gesi haijajaa. Hakuna mfano mwingine kati ya mitano unaofika hapa.

Hatari ni barafu. Waongoza watalii wanaipenda, na wageni wanaiuliza kabla hata ya kufika kambi ya Horombo. Ni kweli barafu ya Kibo inatoweka: kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipoteza kama asilimia 85 ya eneo lake. Lakini usimwambie mgeni kwamba imeyeyuka kwa joto, basi. Juu pale hewa kwa kawaida iko chini ya sifuri. Sehemu kubwa ya barafu inaliwa na jua kali na hewa kavu, inageuka mvuke bila kupitia maji, na theluji inayoanguka haitoshi kuilisha. Ukavu huo ulianza tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kupata joto kwa dunia na kwa Bahari ya Hindi kuna mkono wake katika unyevu unaofika mlimani, lakini mnyororo wake ni mrefu. Mwaka 2002 wanasayansi walitabiri kwamba barafu ingekwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Haikuisha, na wale wasiotaka kuamini sayansi hii wanaishikilia habari hiyo hadi leo. Kijana akisema "inapungua, na sababu zake ni hizi", hakuna atakayemkamata. Akitaja mwaka wa mwisho, amejiwekea deni.

Vilevile usitumie baridi ya Kibo kama ushahidi kwamba hewa nyembamba hainasi joto. Wapagazi wanajua jinsi jua la mchana linavyochoma pale Barafu Kambi na jinsi maji yanavyoganda kwenye chupa usiku, na hewa kavu na nyembamba kweli inachangia tofauti hiyo ya haraka. Ila sehemu kubwa ya baridi ya mlima ni ya kimo chenyewe, na ukichanganya hayo mawili utashindwa kujitoa.

Nani apewe upi

Kwa watoto wa msingi ningechukua blanketi na ndoo ya bluu, niishie hapo. Kwa wakulima, usiku wa mawingu kwanza, kisha kibwawa kama muda upo. Ukiwa na dakika 15 tu, chukua usiku wa mawingu peke yake. Kwa kidato cha tatu na nne, kibwawa, na kitalu nyumba ukitaje kwa sababu ya mtihani. Kidato cha sita na waongoza watalii wapewe mlima, wautafune taratibu. Kwa mkutano wenye watu wanaobisha kwamba ni jua tu limeongezeka, ningekwenda na kibwawa nikiwa na kitu kimoja mkononi: mwaka 1967 Syukuro Manabe na Richard Wetherald walikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka, hewa ya chini itapata joto na ile ya stratosfia, tabaka lililo juu yake, itapoa. Vipimo vya miongo iliyofuata vimeonyesha hivyo hivyo. Jua lingekuwa ndilo lililoongezeka, tabaka zote mbili zingepata joto.

Msimu uliopita nilikuwa na kikundi cha akina mama upande wa Kibosho. Nilitumia pasi, nikatumia usiku wa mawingu, nikataja zile kilo 137. Bibi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na kikapu chake aliniita baada ya mkutano. "Mwanangu, ule mfuruanje wangu uliofunika kahawa, basi nao ni wingu?"

Nilimjibu kwamba ndiyo, bibi, hasa: mchana unakinga jua, usiku unazuia joto la ardhi lisipotee lote. Akauliza kama aukate, kwa kuwa nimesema usiku wa joto unadhuru kahawa. Tukatembea hadi shambani kwake tukauangalia ule mti. Kivuli chake cha mchana kinaipa kahawa nafuu kubwa kuliko joto kidogo linalohifadhiwa usiku, na majani yake yanalinda unyevu wa udongo. Akaamua kupunguza matawi ya chini yaliyokuwa yamebanana, mti akauacha.